Mwanasesere wa nta wa Kijerumani kwenye joto la Lubumbashi

Mwanasesere wangu wa kwanza wa nta niliachiwa na shangazi yangu, aliyekuwa akishonea nguo familia moja ya Wabelgiji. Wigi lilikuwa limebanduka, nikachungulia kichwani: chini ya nta palikuwa na ukuta wa kahawia, karatasi iliyopondwa ikachanganywa na gundi. Hiyo ndiyo kazi ya mji wa Sonneberg, Thuringia, Ujerumani, ya karne ya 19. Kichwa kilifinyangwa, kikapakwa rangi, ndipo kikachovywa katika nta, na wekundu wa mashavu ukabaki chini kama damu chini ya ngozi. Wale wa London, wa familia za mafundi Pierotti na Montanari, ni wa nta tupu, nywele zimepandwa kichwani.

Kwa hiyo unapotaka kununua, omba picha ya ndani ya kichwa, ya mgongo wa mabega na ya miguu. Kiwiliwili kiwe cha kitambaa kilichojazwa unga wa mbao au majani makavu. Nyufa nyembamba usoni zisikutishe: nta na karatasi hutanuka na kusinyaa kila moja kwa namna yake, na miaka mia na zaidi lazima ionekane. Mimi huogopa uso laini mno. Huo huenda umechovywa upya, na sura ya fundi wa kwanza imezikwa humo.

Usimsafirishe kwa kontena, nakusihi. Wa pili wangu alikaa juani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wiki kadhaa; sanduku lilipofunguliwa, pua ilikuwa imelala shavuni. Nililia. Nta ya nyuki huyeyuka karibu nyuzi 62, lakini hulegea mapema kuliko hapo. Sasa humwomba ndugu anayetoka Ulaya ambebe mkononi ndani ya ndege.

Vumbi letu jekundu liondoe kwa brashi laini, kavu. Doa likikataa, pamba iliyoguswa maji baridi inatosha. Maji ya moto, pombe na petroli visimkaribie. Mlaze chali, umfunike kwa shuka kuukuu la pamba nyeupe. Gazeti humwachia wino. Sanduku lifungwe vizuri, maana panya hutafuna nta.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, bati linapowaka tangu asubuhi, mimi huwashusha wote kutoka kabatini na kuwalaza sakafuni, kwenye saruji, chumba cha upande wa kusini. Wanakaa huko mpaka mvua zishike.