Kuhamisha konveya ya mgodini kutoka paneli ya relei hadi PLC

PLC ni kompyuta ndogo ya viwandani inayoendesha mashine kwa programu, badala ya paneli ya relei, yaani swichi zinazosukumwa na umeme. Mfano wetu ni konveya (mkanda wa kusafirisha mawe) inayolisha krasha, mashine ya kusaga mawe, pamoja na konveya ya pili inayopokea mawe yaliyosagwa. Sehemu ngumu ya kazi hii si kuandika programu, bali ni kujua mashine ya zamani inafanya nini hasa.

Hatua ya 1: Orodhesha ishara zote zinazoingia na kutoka. Fuata kila waya kwa mkono ukiulinganisha na mchoro, kwa kuwa mchoro huonyesha mashine ilivyokuwa siku iliyofungwa, si ilivyo leo. Katika kazi moja nilikuta kipande cha waya mwekundu, kirefu kama kiganja, kimeunganisha skurubu mbili ndani ya swichi ya kamba ya dharura: kuna aliyechoka na mkanda kuzimika ovyo, na hakuandika popote. Kama nisingefungua kifuniko kile, PLC ingeiona swichi hiyo kuwa nzima daima. Ukimaliza orodha, ongeza nafasi ya akiba, walau moja kwa kila ishara tano.

Hatua ya 2: Chagua moduli, yaani vipande vya PLC vinavyopokea na kutoa ishara hizo. Moduli za PLC hazifai kubeba moja kwa moja koili ya kontakta kubwa (swichi ya umeme inayowasha mota), hivyo weka relei ndogo ya volti 24 katikati, yenye diodi sambamba na koili yake. Kwa vipimo kama kina cha mawe kwenye pipa, tumia sensa za miliampia 4 hadi 20. Waya ukikatika, mkondo hushuka hadi 0, na programu hutambua kuwa hiyo ni hitilafu, si pipa tupu, ambalo lingeonyesha 4.

Hatua ya 3: Tenga usalama. Vitufe na kamba za dharura vikate umeme wa kontakta kupitia relei ya usalama, na PLC ipewe taarifa tu. Hapa sina mjadala.

Hatua ya 4: Andika programu. Napendelea lugha ya ngazi (ladder), inayochorwa kama mchoro wa relei na iliyomo katika IEC 61131-3, kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC, kwa sababu fundi aliyezoea relei huisoma bila shida. King'ora kilie kwanza. Kisha iwake konveya inayopokea, ifuate krasha, na konveya inayolisha iwe ya mwisho. Kuzima ni kinyume chake, la sivyo mawe yatajaa ndani ya krasha iliyosimama. Sensa ya mwendo ipuuzwe mkanda unapochukua kasi tu. Baada ya hapo, mota ikizunguka huku mkanda umesimama, zima mara moja, kwani ngoma inayouzungusha mkanda, ikiteleza chini yake, huzalisha joto la kuweza kuwasha moto.

Hatua ya 5: Jaribu. Mota zikiwa zimekatiwa umeme na kufungwa kwa kufuli, mmoja avute kila swichi huku mwenzake akitazama taa ya moduli. Kisha endesha mkanda mtupu, na mwisho upakie mawe. Mchoro mpya ubaki ndani ya mlango wa kabati, na nakala ya programu itunzwe nje ya kompyuta yako.