SOMO: Kugeuza kitabu cha karatasi kiwe faili linalosomeka kwa sauti

Wakuu, "mbona TalkBack inanyamaza nikifungua PDF?" Swali hili kuhusu TalkBack, programu ya simu za Android inayomsomea asiyeona kwa sauti, limeulizwa humu hadi linachosha. Inanyamaza kwa sababu faili lako ni picha za kurasa, ndani hamna herufi hata moja. Naandika mara moja, walimu wa kuanzia Nyegezi hadi Ukerewe mjichotee.

1. Skani kwa 300 dpi (nukta 300 kwa inchi), ukurasa umelala bapa. Ukienda steshenari, mwambie mhudumu kabla hajaanza.

2. Pitisha kwenye programu ya kutambua herufi. Tesseract ni ya bure na inajua Kiswahili, mradi uichagulie. Ukiiacha kwenye Kiingereza utavuna vituko.

3. Hamishia kwenye Word.

4. Sahihisha. Hapa ndipo wengi hulipua kazi. Programu hupenda kudondosha koma ya juu, ng'ombe akawa "ngombe" na sauti ikamtamka kivyake. USIBADILISHE "ng" zote kwa mkupuo, ngoma na ngazi nazo zitageuka. Tafuta neno mojamoja: ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, nyang'anya. Halafu namba: "kilo 10 za dagaa" hutoka "kilo lO". Jicho linapita bila kushtuka, ila anayesikiliza hesabu ameshapotea. Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari hubaki na kistari tumboni, na namba ya ukurasa huangukia katikati ya sentensi, futa. Kurasa za safu mbili ndizo mbaya kuliko zote: programu ikisoma mstari mzima kushoto hadi kulia, safu zinachanganyika. Zigawe kabla ya hatua ya 2, la sivyo utachapa upya.

5. Kichwa cha sura kipe mtindo wa Heading 1, vidogo Heading 2. Kukoleza wino peke yake hakusaidii. Mtumiaji wa NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti kwenye kompyuta, akiwa kwenye hali ya kupekua (Insert na spesi) anabonyeza H kurukia kichwa kinachofuata. Bila mitindo hiyo haendi popote. Lugha ya faili iwe Kiswahili.

6. Picha zieleze. "Ramani ya ziwa" ni uvivu. Andika: "Kisiwa cha Ukerewe kiko kaskazini mwa jiji la Mwanza, kusini mwa kisiwa, kati yake na bara, ni Ghuba ya Speke."

7. Zima skrini, sikiliza kurasa tatu.

Sangara_Mkavu: Mkuu nimepiga picha kitabu kizima nikajirushia WhatsApp, herufi zinatoka hovyo. Tatizo nini?

Mtoa somo: Hatua ya 1 umeisoma? WhatsApp inabana picha. Kama lazima upitie huko, tuma kama dokumenti.

Sangara_Mkavu: Sasa si niseme tu programu mbovu?

Mtoa somo: Sema. Kisha skani upya.

Mwl_Magu: Nina wanafunzi wawili wenye ualbino, uoni hafifu. Nikitoa kopi ya A3 haitoshi?

Mtoa somo: Swali zuri, mwalimu. A4 kwenda A3 hukuza kwa asilimia 141, kwa hiyo herufi ya ukubwa wa 11 inafika kama 15 na nusu tu. Wenye uoni hafifu huanzia 18. Tena A3 inamwagika nje ya dawati. Tumia faili hilohilo la Word: Arial 18, nafasi ya mistari 1.5, maandishi yapangwe kushoto. Chapa kwenye karatasi ya krimu isiyong'aa, maana nyeupe ya kung'aa inawaumiza macho. Na wakae mbali na dirisha linalopiga jua.

Bibi_Maktaba: Na wasioona wanaosoma kwa vidole, wa nukta nundu?

Mtoa somo: Faili safi ndilo linaloingia kwenye programu ya kubadili maandishi kuwa nukta nundu, mama. Msichapie karatasi ya kopi ya gramu 80, nundu zinalala; tafuteni ya 150 hivi. Ukurasa mmoja wa wino huzaa miwili hadi mitatu.

Bibi_Maktaba: Vitabu vya nukta nundu tunavipanga kimoja juu ya kingine kabatini.

Mtoa somo: Visimamisheni wima, na visibanwe. Vya chini vinakandamizwa na uzito, nundu zinafutika.