Jaribu kihalali kabla ya kulipa
Hapa Lubumbashi, wapenzi wengi wa muziki na michezo ya kompyuta isiyovuma hujaziwa nakala za wizi kwenye flashi, wakiahidi kulipa iwapo zitawapendeza. Kujaribu kwanza ni jambo la busara, lakini njia halali ipo: Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, huruhusu nyimbo nyingi kusikilizwa nzima kabla ya kununuliwa, na Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununuzi, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Saa hizo huhesabiwa unapocheza, si wakati wa kupakua, ila siku 14 hazisubiri intaneti yetu. Basi nunua ukiwa na bando la kutosha. Msanii mdogo huhitaji kila malipo, na Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, mbali na ada za malipo.