Mtoto anatibiwa kansa na anataka kuona tembo Mikumi, fanyeni hivi

Kwanza ongeeni na daktari wake, wiki moja au mbili baada ya dripu ya dawa za kansa, kinga ya mwili huwa imeshuka sana, kwa hiyo apimwe damu ndo mpange tarehe. Toka Dar pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro afu mkodi gari, haichoshi kama basi. Barabara kuu inakatiza hifadhini kwahiyo akikosa nguvu za kuzunguka ndani, wanyama mara nyingi wanaonekana hapohapo njiani. Kipimajoto msisahau jamani!! Joto lake likifika 38, hata kama ndo mko getini, geuzeni gari hospitali, msimpe panadol mkasubiri. Maji ya chupa, chakula cha moto, kofia. Na siti ya dirishani achague yeye, wadogo zake wampishe, safari ni yake hii.