Kupanua magurudumu ya trekta kwa mashamba ya mteremko

Trekta likitoka kulima mpunga kwenye tambarare la Usangu, mara nyingi hufika milimani Umalila au Kilolo magurudumu yakiwa yamebanwa ndani. Kule bondeni hilo halikuwa na shida. Huku juu, sentimita 30 za upana ndizo zinazoweza kuamua kama dereva atamaliza siku salama.

Upana hupimwa kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya mwenzake. Matrekta mengi ya wastani huruhusu kati ya mita 1.3 na 1.9 hivi nyuma. Ukipanda mahindi au viazi kwa mistari ya sm 75 na unataka trekta lipite kupalilia, huna budi kubaki na mita 1.5, ili kila tairi likanyage katikati ya mistari. Kama kazi ni kulima na haro (kuvunja mabonge) tu, nenda mita 1.7 au 1.8. Mwenye mistari ya sm 90 ana bahati, maana mita 1.8 inamfaa kwa kazi zote.

Anza na nyuma. Wengi hupanua mbele kwa sababu ni rahisi, halafu wanajiona salama. Ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini moja katikati na inacheza juu na chini, hivyo trekta linapoanza kulala, mbele haizuii kitu mpaka ekseli igote kwenye kizuizi chake. Kinacholishikilia muda wote huo ni upana wa nyuma.

Egesha mahali pagumu na tambarare, shusha jembe chini, vuta hendibreki, weka kabari mbele na nyuma ya tairi za mbele. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kunyanyua. Jeki ikae chini ya nyumba ya ekseli, kamwe si chini ya giaboksi, kisha weka stendi au magogo ya mti mgumu. Tofali hupasuka bila kukuonya, usilitumie. Kama tairi zimejazwa maji ya kuongeza uzito, kumbuka kila moja inaweza kubeba zaidi ya lita 200. Toa maji kwanza au tafuta watu wa kutosha.

Rimu nyingi za nyuma zimefungwa kwenye sahani ya katikati kwa masikio, yaani vipande vya chuma vyenye matundu ya bolti. Ukihamisha rimu upande wa pili wa masikio, au ukigeuza sahani ndani nje, upana hubadilika kwa hatua za takriban sm 10. Ukigeuza gurudumu zima, lazima la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto. Ukiligeuza na kulirudisha upande uleule, kashata (meno ya tairi) zitaangalia nyuma na tairi litateleza kwenye udongo mwekundu uliolowa. Ukitazama tairi kwa juu, ncha ya V ielekee mbele.

Kaza nati kwa kuvuka, yaani moja kisha ile inayoikabili, si kwa kuzunguka, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Zirudie baada ya saa ya kwanza ya kazi, na tena baada ya saa kumi. Nati iliyolegea hupanua tundu la sahani, na tundu likishakuwa yai, hakuna kukaza kutakakosaidia. Vipande vya kuongezea upana vilivyochomelewa gereji visikushawishi: vinatesa beringi na ekseli.

Mbele, kila tundu la ekseli ni kama sm 5 kwa upande. Ukivuta ekseli tundu moja, refusha na tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) ya upande huo kwa kiasi kilekile, la sivyo tairi zitatazamana au kupeana migongo na kuisha upesi.

Sasa jembe. Nyuma ikipanuka, diski ya kwanza hukata pana kuliko wenzake na kuacha ukanda usiolimwa. Sogeza jembe kulia. Likigoma kusogea zaidi, hapo ndipo mwisho wako wa kupanua.

Halafu kuna mfereji unaoachwa na jembe, ambao watu hawauhesabu. Tairi la kulia likitembea kwenye mfereji wa sm 22, trekta la upana wa mita 1.5 linaongeza ulalo wa kama nyuzi 8. Kwa mita 1.8 ni kama nyuzi 7. Ukilima kukingama mteremko huku udongo ukitupwa chini, nyuzi hizo zinajumlishwa na za kilima. Udongo ukitupwa juu, tairi la mfereji liko upande wa juu na zinatolewa. Kwa jembe lisilogeuka, linalotupa udongo kulia tu, hii maana yake ni kulima ukienda na kurudi mtupu, jembe likiwa limenyanyuliwa kidogo tu. Dizeli itaongezeka, ndiyo.