Mambo ya Kuzingatia Kabla Tovuti Yako Haijaanza Kupokea Faili za Wageni

Fomu inayomruhusu mwombaji wa kazi au mzazi wa mwanafunzi kuambatisha cheti humpa mtu usiyemjua nafasi ya kuandika kwenye diski ya seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kwa hiyo, kabla ya kuweka plagini (programu ya nyongeza) yoyote ya kupokea faili kwenye tovuti iliyojengwa kwa mfumo wa WordPress, jiulize kwanza kama faili hizo zinahitajika kweli. Shule inayotaka jina na namba ya simu ya mzazi tu haina haja nazo, na kitufe cha kuambatisha ambacho kipo kwa sababu tu kilikuja na kiolezo cha fomu ni heri kiondolewe.

Ikiwa zinahitajika, jipange ukijua kwamba ukaguzi wa plagini unaweza kushindwa siku yoyote. Hatari kubwa ni mvamizi kupakia faili ya PHP, lugha ya programu ambayo seva huiendesha, mahali palipokusudiwa picha, kisha kuifungua kwa anwani yake kwenye kivinjari; seva ikiiendesha, amri zilizomo hutekelezwa kwa mamlaka yaleyale iliyo nayo tovuti, pamoja na kusoma hifadhidata nzima. Julai 2014 ilibainika kwamba MailPoet, plagini ya kutuma majarida kwa barua pepe, ilimruhusu mtu yeyote kupakia faili, kwa sababu watengenezaji walidhani hatua fulani ya WordPress huamshwa na msimamizi aliyeingia peke yake, ilhali hata mgeni aliweza kuiamsha. Septemba 2020 ikafuata WP File Manager, plagini ya kusimamia faili za tovuti, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000: faili ya mfano iliyotoka katika elFinder, msimbo uliotengenezwa na wengine ambao plagini hiyo iliutumia, ilikuwa imebadilishwa jina ikaishia na .php, na hivyo ikaitika wito wa yeyote bila kuuliza nywila, hadi toleo la 6.9 lilipoleta marekebisho. Desemba ya mwaka huohuo Contact Form 7, plagini ya fomu, nayo ilitoa toleo la 5.3.2, kwa kuwa jina la faili lenye herufi maalumu liliweza kupenya uchujaji wake. Siyataji haya ili kuwaaibisha watengenezaji, ambao walisahihisha makosa yao. Nataka ieleweke kwamba wingi wa watumiaji si dhamana ya usalama.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote, basi, ni kuizuia seva yenyewe isiendeshe PHP ndani ya folda ya faili zilizopakiwa, ambayo kwa kawaida ni wp-content/uploads. Wengi hutegemea faili ya .htaccess, inayowekwa ndani ya folda ili kuipa seva masharti ya folda hiyo, kufanya kazi hiyo, na hapo ndipo pa kuwa makini sana. Oktoba 2018 mtafiti wa usalama Larry Cashdollar wa kampuni ya Akamai alieleza udhaifu katika jQuery File Upload, programu ya kupakia faili iliyokuwa imenakiliwa ndani ya miradi mingi mingine: kinga yake ilikuwa .htaccess, lakini Apache, programu inayoendesha seva za tovuti, tangu toleo la 2.3.9 la mwaka 2010, iliacha kuzisoma faili hizo isipokuwa msimamizi wa seva awe ameruhusu. Kinga ilibaki imeandikwa ilhali hapakuwa na aliyeisoma. Nginx, programu nyingine ya aina hiyo, haisomi .htaccess kabisa, kwa hiyo anayeitumia hana budi kuweka katazo katika mipangilio ya seva, au kuiomba kampuni inayomhifadhia tovuti imwekee.

Usikubali jibu la mdomo kwamba katazo limewekwa, lijaribu. Weka ndani ya folda hiyo faili ndogo ya PHP inayozidisha 6 kwa 7 na kuonyesha jibu, kisha ifungue kwa kivinjari. Ukiona 42, seva imeiendesha, na fomu isifunguliwe kwa umma. Ukikataliwa, uko salama kwa upande huo. Ifute faili ya majaribio mara moja, na urudie jaribio kila unapohamia seva nyingine. Kwa vyeti na vitambulisho, bora zaidi ni kuvihifadhi nje kabisa ya folda zinazofikika kwa intaneti, kwa sababu hata faili isiyo na madhara inaweza kusomwa na asiyehusika akilikisia jina lake.

Katika plagini yenyewe, taja aina chache zinazokubaliwa, kwa mfano PDF na JPG, badala ya kuorodhesha zinazokatazwa, kwani orodha ya makatazo husahau .phtml na .phar, miisho mingine ya majina ya faili ambayo seva inaweza kuiendesha kama PHP. Maelezo ya aina ya faili yanayokuja na ombi huandikwa na mtumaji, hivyo hayathibitishi chochote. Picha za SVG zikatae, maana zinaweza kubeba JavaScript, yaani amri zinazoendeshwa na kivinjari cha anayezifungua. Jina la faili litungwe upya na seva.

Plagini usiyoitumia ifute. Kuizima hakutoshi, kwa sababu faili zake hubaki kwenye diski na baadhi zinaweza kuitwa moja kwa moja kwa anwani. Teua pia mtu mmoja mwenye jukumu la masasisho, kwani kasoro ikishatangazwa wavamizi huisaka tovuti hadi tovuti kwa programu zinazojiendesha.

Mwisho, andika mapema mtakachofanya mkikuta faili ya PHP isiyofahamika ndani ya folda hiyo. Nakili kumbukumbu za seva kabla ya kufuta chochote, kwa kuwa ndizo zitakazoonyesha ilipakiwa lini na imefunguliwa mara ngapi. Rejesha tovuti kutoka nakala rudufu iliyotangulia tarehe hiyo, ambayo ni lazima iwe imehifadhiwa nje ya seva hiyohiyo, kisha badilisha nywila zote, pamoja na ile ya hifadhidata iliyomo katika wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress. Kwa walio Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kugundua kwamba taarifa za watu zimefikiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwao, kwa hiyo jina la atakayeiandika taarifa hiyo liwemo katika mpango tangu sasa.