Namna ya kuandika historia ya chuo cha muziki cha mtaani kwenu kabla wazee hawajaondoka

Jamani klabu ya taarab au chuo cha muziki kikifungwa, viti na spika vitapata wanunuzi, historia haina mnunuzi, inapotea hivihivi. Mwaka 2019 Unguja tulishtuka kusikia Dhow Countries Music Academy, kile chuo kilichoanza 2002 kwenye jengo la zamani la forodha pale Mizingani, kinaweza kufungwa kwa kukosa pesa. Chuo ambacho kijana wa mtaani alikuwa anaingia kujifunza udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), fidla, kodiani na ngoma! Toka siku ile mi nikaanza kuwafata wazee wa klabu ya kwetu, na hivi ndo ninavyofanya.

Nenda barazani baada ya alasiri, shikamoo kwanza, kahawa kwanza, na usiulize mwaka. Ukimuuliza mzee "klabu ilianzishwa lini" atakwambia zamani sana mwanangu na mazungumzo yameisha. Muombe akuoneshe chombo chake. Nilimkuta mzee mmoja anabandika ngozi ya samaki kwenye kanuni, ile nyembamba inayokaa chini ya daraja la nyuzi, na kanuni ina nyuzi 78 hivi, zimepangwa tatutatu, zote zinakandamiza pale, ngozi ikipasuka hakuna muziki. Nikamuuliza nani kakufundisha kubandika, bas, robo saa haijapita nimeshapata majina ya walimu watatu na nyumba tatu walizokuwa wakifanyia mazoezi kabla ya kupata pa kudumu.

Miaka itafute kwenye matukio. Ilikuwa kabla ya Mapinduzi ya 1964? Wakati wa vita vya Kagera? Mwaka wa mvua za El Nino? Alafu pima na yanayojulikana: klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ni 1905, mwimbaji Siti binti Saad kaenda kurekodi Bombay, India, 1928, klabu ya Culture Musical Club ni 1958. Utasimuliwa pia kwamba Sultan Barghash wa Zanzibar alimtuma Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni, iandike, ila andika "inasimuliwa", na mtu akikwambia ilikuwa 1895 ujue mwaka si wenyewe maana Barghash katawala 1870 mpaka 1888.

Daftari za nyimbo ni dhahabu. Kila wimbo uliza majina ya watu watatu: nani katunga maneno, nani katia muziki, nani kaimba, maana wengi wanamtaja mwimbaji peke yake na wengine wanasahaulika kabisa. Na tafadhali wafate kina bibi, waitikiaji, walioshona sare, aliyekuwa anashika hela za klabu, huyo wa hela ndo anajua ugomvi wote na kwa nini watu waligawanyika.

Kanda za kaseti zinataka uangalifu sana. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe usiitie kwenye redio. Mi nilifanya hivo mara moja, kanda ya mazoezi, utepe ukakatika mbele ya mwenyewe, mzee wa watu akanyamaza tu akawa anaviokota vile vipande, mpaka leo inaniuma. Mpelekee fundi aisafishe kwanza, afu utoe sauti kwa waya kwenda kwenye kompyuta, usirekodi kwa kuisogezea simu kwenye spika. Picha nazo, zipige palepale nyumbani kwao wala usiondoke nazo, na majina yao yaandike kwa penseli nyuma, kuanzia kushoto.

Ukimaliza usirushe mtandaoni bado. Chapisha, rudi barazani, wasomee kwa sauti wote wakiwepo. Watabishana, we andika. Nilivyosoma kwetu, bibi mmoja alinikatisha ukurasa wa pili, akasema mjukuu wangu, mpiga dumbak wa kwanza, ile ngoma ndogo ya mkono, hujamtaja, na wazee wote wakaitikia jina lake kwa pamoja.